Thamani ya Cheti cha Usalama wa Kompyuta

Cheti cha taaluma katika usalama wa kompyuta ni ushahidi wa mtu wa tatu. Taasisi ambayo si chuo wala mwajiri humtahini mtu, kisha humthibitishia yeyote atakayeuliza kwamba mtu huyo anayajua mambo fulani. Mkulima wa korosho wa Mpapura, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, anaufahamu utaratibu wa namna hiyo kuliko wasomi wengi wa mjini. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008, mnunuzi halazimiki kufungua kila gunia. Husoma daraja lililoandikwa kwenye stakabadhi, akataja bei yake mnadani. Karatasi hiyo inaaminika kwa sababu kuna sampuli iliyochukuliwa, korosho zikapasuliwa, kiini kikaonekana na kupimwa. Cheti cha mtaalamu wa kompyuta nacho kinastahili kuulizwa: je, korosho ilipasuliwa?

Kwa vyeti vingi, ilipasuliwa kidogo tu. Mtihani wa cheti cha CEH una maswali 125 ya kuchagua jibu, kwa saa 4. Ule wa CompTIA Security+ una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, machache yakiwa ya vitendo. Mitihani hii hupima msamiati na kanuni za kazi, na hilo si jambo dogo, kwa sababu fundi asiyejua tofauti kati ya kusimba data na kuiwekea nakala rudufu hawezi kuilinda ofisi yoyote. Lakini maswali ya kuchagua hukaririka, na duniani kote kuna watu wanaouza maswali yaliyoibwa pamoja na majibu yake. Anayepita njia hiyo hupata karatasi halali yenye kiini kilichooza. Kinyume chake ni cheti cha OSCP: mtahiniwa hupewa saa 23 na dakika 45 za kuidukua mifumo ya majaribio, kisha saa 24 za kuandika ripoti ya alichokifanya. Hapo hakuna cha kukariri.

Kundi jingine hupima ukomavu. CISA ya shirika la ISACA, iliyoanza 1978, ni ya wakaguzi wa mifumo. CISSP ya shirika la ISC2, iliyoanza 1994, ni ya wasimamizi wa usalama. Kufaulu mitihani hiyo hakutoshi, kwani kila cheti kinadai miaka 5 ya kazi, ingawa shahada yaweza kupunguza muda huo. Kijana aliyetoka chuoni juzi akakopa ili afanye CISSP, akitumaini kupata ajira ya kwanza, anakwea mnazi akianzia makutini. Hata akifaulu, atabaki mwanachama mshirika mpaka miaka itimie.

Nchini Tanzania mahitaji yamesukumwa na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zimezifanya taasisi zihitaji watu wa kuwajibika kwa usalama wa mifumo. Katika utumishi wa umma, mlango wa kwanza bado ni shahada. Benki, kampuni za simu na za ukaguzi wa hesabu ndizo zinazotaja vyeti kwa majina katika matangazo yao ya kazi.

Faida kubwa ya cheti huonekana hapo. Ajira nyingi za sekta binafsi hupatikana kwa kujuana. Mtoto wa Dar es Salaam ambaye mjomba wake yuko benki ana shahidi tayari, lakini mtoto wa Mpapura hana wa kumsemea. Cheti kinachotambulika dunia nzima ndicho mjomba wake. Kwa sababu hiyo, wanaodai kwamba vyeti ni karatasi tupu wanasema ukweli nusu, na mara nyingi husema hivyo wakiwa wameshaingia ndani.

Tatizo ni kwamba anayekihitaji zaidi ndiye asiyekimudu. Ada ya CISSP imewekwa dola 749. Kwa dola moja kuhesabiwa shilingi 2,500, hiyo ni takriban shilingi milioni 1.87, zaidi ya miezi mitatu na nusu ya kima cha chini cha mshahara wa serikali, kilichopandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025. Bei ya Security+ nchini Marekani inazidi dola 400. Mtahiniwa anayelazimika kusafiri kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ana kilomita zipatazo 560 za basi, ili afanye mtihani usiotolewa kwa Kiswahili.

Tena mitaala hiyo haikutungwa kwa ajili ya wizi unaowaumiza watu wa Mtwara. Msimu wa malipo ya korosho ukifika, mwizi hahitaji kudukua seva ya benki. Humwandikia mkulima kwamba ile hela aitume kwa namba hii, au hujifanya mhudumu wa mtandao wa simu akaomba namba ya siri. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imetenga namba 15040 ya kuripotia ujumbe wa aina hiyo. Kuupambanua utapeli huo kunahitaji mtu anayeijua lugha yake, anayejua wakala wa kijijini anavyofanya kazi na mkulima anavyolipwa.

Hata kwenye mitambo mikubwa, kosa mara nyingi huwa la kawaida. Mei 2021 wavamizi waliilazimisha kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani kufunga bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa. Waliingia kwa nenosiri la akaunti ya zamani ambayo haikuwa na uthibitisho wa pili. Mkoa wa Mtwara, wenye kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba, chanzo cha bomba liendalo Dar es Salaam, unahitaji fundi mwenye tabia ya kupita kila akaunti na kuifunga isiyotumika. Tabia hiyo haisomeki kwenye cheti. Mwajiri ataiona akimkalisha mwombaji nusu saa mbele ya kompyuta yenye kasoro, akamtaka azitafute na kumweleza karani kwa Kiswahili.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilichukua njia nyingine: kuanzia 2005 iliwataka wanaolinda mifumo yake wawe na vyeti vilivyomo kwenye orodha yake. Security+ ilipanda thamani kwa amri hiyo. Tanzania ikiiga, itakuwa imemfungia nje yule yule wa Mpapura. Ingefaa zaidi VETA na Tume ya TEHAMA watunge mtihani wa vitendo, unaolipiwa kwa shilingi na kufanyika Mtwara mjini, ambao benki na halmashauri zitaukubali.

Mtihani huo usipokuwepo, mpangilio wenye busara huanza na vya bure. Mwaka 2022 ISC2 ilizindua mpango wa kuwapa watu milioni moja mafunzo na mtihani wa cheti chake cha awali bila malipo. Baada yake huja mazoezi ya mikono, kisha cheti kimoja kinachotajwa na kazi inayotafutwa. CISA na CISSP hungoja ajira, kwa sababu gharama yake haiishii kwenye mtihani. Mwenye CISSP hulipa dola 135 kila mwaka na kukusanya alama 120 za kujiendeleza katika kila miaka 3, la sivyo cheti hufutwa. Ada hizo zinafaa kuingizwa kwenye mkataba wa kazi, zilipwe na mwajiri.