Waifai ya bure ugenini: hatari ipo mlangoni

Hukumu iliyotolewa mjini Perth, Australia, Novemba 2025 imedhihirisha jambo ambalo wasafiri wengi hulipuuza: anayeunganisha kishikwambi na waifai ya bure katika uwanja wa ndege hana njia rahisi ya kumjua aliyeufungua mtandao huo.

Mshitakiwa alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na miezi 4. Kwa mujibu wa Polisi wa Shirikisho la Australia, alitumia kifaa kidogo cha kubebeka kuunda mitandao bandia yenye majina ya mitandao halali, katika viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide, na hata ndani ya ndege angani. Uchunguzi ulianza Aprili 2024, baada ya wafanyakazi wa shirika la ndege kuutilia shaka mtandao mmoja wakiwa safarini.

Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi. Abiria aliyejiunga alifunguliwa ukurasa uliomtaka aingie kwa barua pepe au akaunti ya mtandao wa kijamii. Aliyeandika nywila yake aliikabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo hatari ya leo inapotofautiana na ile ya zamani. Oktoba 2010, mtaalamu wa kompyuta Eric Butler wa Marekani alitoa programu iitwayo Firesheep, iliyomwezesha hata asiye fundi kuteka akaunti ya jirani yake kwenye waifai ya wazi. Alikusudia kuzishinikiza kampuni zilinde mawasiliano ya wateja. Tangu hapo tovuti nyingi zimehamia HTTPS, mfumo unaoyafumba maudhui ya mawasiliano, hivyo mdukizi wa pembeni huambulia machache. Hata hivyo, kufuli haimfai kitu anayemkabidhi mwizi ufunguo.

Vishikwambi vina udhaifu wao. Vingi havina laini ya simu, hivyo hutegemea waifai tupu. Aidha, hukumbuka majina ya mitandao iliyowahi kutumika na kujiunga vyenyewe. Kwa kuwa mtandao wa wazi hutambulika kwa jina tu, na jina hilo yeyote anaweza kuliiga, kifaa huweza kuingia mtegoni kikiwa ndani ya mkoba.

Kinachozidisha utata ni kwamba hata mitandao halali huuliza maswali. Baadhi ya viwanja hutuma namba ya kuingilia kwa ujumbe wa simu, na msafiri ambaye laini yake haishiki ugenini hukwama. Mazoea hayo humfanya aone ni kawaida kujaza kila anachoulizwa. Lakini namba ya simu si sawa na nywila ya barua pepe: mwenye barua pepe yako anaweza kubadili nywila za akaunti nyingine zilizofungamanishwa nayo.

Kumuuliza mhudumu jina la mtandao husaidia, ingawa hakutoshi, kwani pacha bandia hubeba jina hilohilo. Kinga kubwa zaidi ni kuzima kujiunga kiotomatiki, kuufuta mtandao kwenye kumbukumbu ya kifaa baada ya matumizi, kutumia programu ya VPN, na kuyaacha masuala ya benki kwa intaneti ya laini ya simu. Zaidi ya yote, ukurasa wa waifai unaodai nywila ya barua pepe ufungwe papo hapo.