Ushauri uliokataliwa nao ni mali ya umma

KALAMU YA JUMAPILI
Na Mwanaidi Shekue

Serikali ikishaamua, hutangaza. Mabishano yaliyozaa uamuzi hubaki masjala. Mwananchi huona kiwanda kipya au kodi mpya, asilione dokezo la mtaalamu aliyeshauri kwamba jambo hilo lisubiri, au lisifanywe kabisa. Kwangu mimi, dokezo hilo lina thamani kuliko hotuba nyingi za bajeti.

Mchukulie Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia aliyetunukiwa Nobel ya Uchumi mwaka 1979 pamoja na Theodore Schultz. Mwaka 1953 aliandika ripoti kuhusu viwanda vya Gold Coast. Wengi walitarajia ashauri viwanda vijengwe haraka. Yeye alisema kilimo cha chakula kitangulie, kwa sababu mkulima asiye na ziada hawezi kununua bidhaa za kiwandani. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka 1957 na kuitwa Ghana, Lewis akawa mshauri wa uchumi wa Kwame Nkrumah.

Hawakufika mbali. Walikorofishana juu ya mpango wa maendeleo: Lewis aliona umebeba miradi ya fahari kupita uwezo wa hazina, Nkrumah akaona taifa changa halina muda wa kungoja. Barua zao zimo katika nyaraka za Lewis zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alikokuja kufundisha baadaye. Desemba 1958 Nkrumah alimjibu kiungwana kwamba ushauri wake huenda ni mzuri kiuchumi, ila yeye ni mwanasiasa na hana budi kuubahatisha wakati ujao.

Barua hiyo inafuta visingizio vya pande zote. Hakuna awezaye kusema Nkrumah alikosa mtaalamu, wala kwamba mtaalamu alinyamaza. Kiongozi alionywa, akapima, akachagua. Umlaumu kwa hazina iliyokauka, au umtetee kwa bwawa la Akosombo lililozinduliwa Januari 1966, mwezi mmoja kabla ya kupinduliwa, na ambalo hadi leo linazalisha umeme. Vyovyote vile unabishana ukiwa na ushahidi mkononi.

Tatizo ni mahali ushahidi huo ulipo. Mwanauchumi Nicholas Kaldor naye aliishauri Ghana kuhusu bajeti ya 1961, ile iliyoleta akiba ya lazima na mgomo wa wafanyakazi wa Sekondi-Takoradi. Nyaraka zake ziko King's College, Cambridge. Mwanafunzi wa Accra anayetaka kujua washauri hawa waliwaza nini anahitaji viza.

Sisi je? Tanzania ina sheria ya mwaka 2004 ya kuwaenzi waasisi wa taifa, Mwalimu Nyerere na Mzee Karume, na kuhifadhi kumbukumbu zao. Ina pia Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, ambayo kwa kawaida hufungua nyaraka za serikali baada ya miaka 30. Ni hatua nzuri. Lakini mshauri wa leo mara nyingi ni wa mkataba, analipwa na mradi, na rasimu zake zimo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mkataba ukiisha, anafunga begi na kuondoka nazo. Ofisini hubaki ripoti ya mwisho, iliyokwisha kupigwa pasi hadi kila aliyepinga anaonekana alikubali.

Watu wa serikalini watasema mshauri akijua atasomwa, ataogopa kusema kweli. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu ya kufunga majalada kwa muda. Lewis aliandika kwa ukali wa kutosha, na karatasi zake zilibaki. Kinachomfanya mshauri awe mwoga ni kuogopa kukosa mkataba ujao, si msomaji wa miaka 30 baadaye.

Basi kila mkataba wa ushauri unaolipwa kwa jina la wananchi uwe na kifungu kimoja: kabla ya malipo ya mwisho, nakala za madokezo na rasimu zote, pamoja na zile zilizokataliwa, zikabidhiwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Tunabishana kila siku kuhusu ubinafsishaji wa mashirika ya umma miaka ya 1990, nani alionya na nani alishangilia. Wajukuu wetu wasirithi ubishi wa namna hiyo kuhusu mikataba tunayotia saini sasa.