Kaka anataka dizeli

Wandugu, wiki mbili sasa nimegeuzwa mtaalamu wa magari. Mimi huyu huyu ambaye kila asubuhi nagombania mlango wa daladala pale Mbezi. Sababu ni moja: kaka yangu amepata fedha za kununua gari, na katika ukoo wetu mwandishi wa habari ndiye anayetumwa "kuulizauliza".

Fedha zenyewe si za mchezo. Ni akiba ya miaka sita ya kaka na shemeji, pamoja na nyongeza ya Mama aliyeuza ng'ombe wake mmoja kule Moshi. Nyumbani wako watano. Mama huja kliniki kila baada ya miezi mitatu, na Desemba wote hupanda Kilimanjaro na mizigo ya kufa mtu. Kwa hiyo kaka anataka gari refu la familia, stesheni wagoni lenye buti la maana.

"Na liwe la dizeli, bwana mdogo," kaniambia. "Dizeli inakula kidogo, halafu injini yake haifi. Umesahau Noah za zamani?"

Nani kazisahau? Zile Townace Noah na Caldina zenye injini za 2C na 3C zilibeba harusi, misiba na viroba vya mkaa, na fundi wa chini ya mwembe aliweza kuzifungua kwa spana tatu. Lakini dizeli ile na hii inayouzwa yadi leo ni ndugu wa mbali. Na kadiri ninavyoulizauliza ndivyo ninavyoamini jambo moja: kwa mtu wa mjini, dizeli ya mtumba huwa rahisi pale tu gharama yake inapobebwa na mtu mwingine. Huyo mtu mwingine mara nyingi amesimama kituoni akisubiri daladala.

Ngoja nieleze.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye yadi moja, jina nalihifadhi. Tuliongozana na fundi, mzee wa makamo ambaye ujana wake wote umepita chini ya malori. Tulikuta wagoni la Kijapani la mwaka 2013, rangi ya fedha, viti safi, mita inasoma kilometa 89,000. Shemeji alishaanza kupanga nani atakaa wapi.

Fundi hakufungua hata mlango. Aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Nani ameliwasha asubuhi hii?"

"Tumelisogeza tu kidogo, bosi wangu," akajibu dalali.

Fundi akacheka. Baadaye alinieleza kwamba injini ya dizeli iliyochoka huwa mbishi kuwaka ikiwa baridi, na moshi wake wa kwanza ndio unaotoa siri. Wa buluu maana yake inachoma oili. Mweusi mzito maana yake dizeli haiungui sawasawa, labda nozeli au turbo ina shida. Anayelipasha gari moto kabla hujafika amekunyima ushahidi.

Kisha akachukua kitambaa cheupe, akakipenyeza kwenye mdomo wa bomba la moshi. Kikatoka cheusi tii. Akalala chini na tochi, akatuita. Kwenye ekzosi kulikuwa na kopo kubwa la chuma, na ubavuni mwake mshono wa kuchomelea, wa hapa hapa mjini. "Wamekata, wakatoa utumbo, wakaziba," akasema. Dalali wala hakukana. Alijisifu: "Hapo tumeshakuondolea usumbufu, bosi. Hicho ndicho kinachowatesa wenzako."

Huo utumbo ndiyo habari yenyewe. Ni chujio la masizi, kwa kifupi DPF. Ndani yake mna kitu cha seramiki kilichotobolewa kama sega la nyuki, kazi yake kunasa masizi kabla hayajatoka nje. Likijaa, kompyuta ya gari huongeza dizeli kidogo ili joto lipande hadi kama nyuzi 600, masizi yaungue na kubaki majivu. Kazi hiyo inahitaji gari liende mfululizo, barabara ikiwa wazi, kwa dakika kama 15 au 20.

Sasa mwulize shemeji gari litakwenda wapi. Litapeleka watoto shule, kilometa tatu. Litarudi. Litakwenda sokoni. Kaka ataliingiza kwenye foleni ya Posta, hatua moja, breki, hatua moja, breki. Chujio litaanza kujisafisha, gari litazimwa. Litaanza tena, litazimwa tena. Ile dizeli ya ziada isiyoungua huchuruzika pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Ndiyo maana kwenye dizeli za Mazda zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 2012, kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa: oili ikifika pale, imwage. Oili inayopanda yenyewe si baraka, wandugu. Ni oili iliyochanganyika na dizeli, nyepesi, na turbo ndiyo ya kwanza kulia.

Mwisho taa inawaka kwenye dashibodi na gari linakosa nguvu. Bei ya chujio jipya inamtoa mtu jasho. Hapo ndipo fundi wa njia ya mkato anapokuja na msumeno, na kwa mwenye gari tatizo limekwisha. Je, limekwisha kwa nani?

Hebu turudi kule magari haya yanakotoka. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwaita waandishi na kuwatikisia chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli. Ujumbe ulikuwa mfupi: haya ndiyo mnayovuta. Mwaka 2001 Japani ilikaza sheria ya hewa, na magari ya dizeli ya zamani, hata madogo ya familia, yakaanza kunyimwa usajili katika miji mikubwa. Oktoba 2003 Tokyo ikapiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango. Magari yale hayakuwa mabovu. Yaliweza kutembea miaka mingine 15, na mengi yalipanda meli.

Wao wakatengeneza dizeli mpya yenye chujio, kwa ajili ya mapafu ya watoto wao. Nayo imezeeka, imepanda meli, imefika kwetu. Safari hii dawa imekuja ndani ya gari, na sisi tunamlipa mtu aikate na kuitupa.

Tusijidanganye kwamba ni moshi tu. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la 1, yaani vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kisingizio cha mafuta machafu nacho kimepungua: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Si 10 kama ya Japani, lakini si ile ya zamani.

Nilipomwambia kaka haya yote alinijibu kwa hasira: "Malori yote ya Kariakoo yanatoa moshi, halafu ukombozi wa nchi uanzie kwenye gari langu? Wewe gari lenyewe huna!"

Ni kweli sina. Na ndiyo sababu nasema. Mwenye gari hufunga vioo, huwasha kiyoyozi. Mimi nipo Kimara Mwisho, usawa wa bomba lake la moshi, na mtoto wa shule yuko chini zaidi yangu. Akiba anayoipata kwenye pampu ni deni analoniandikia mimi bila kuniuliza. Nimeona magari yakikaguliwa taa, breki na matairi kwa ajili ya stika ya Nenda kwa Usalama. Sijawahi kuona hata moja likisimamishwa barabarani kupimwa moshi. Mpaka hapo, kinachotulinda ni aibu ya mnunuzi tu.

Je, nasema dizeli ni haramu? Hapana. Ukiwa mtu wa Dodoma leo, Mwanza keshokutwa, dizeli ni gari lako: ina nguvu mlimani, inakula kidogo, na barabara ndefu inalisafisha chujio bila wewe kujua. Linunue, lakini nenda asubuhi na mapema ushike boneti ikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili, pima, unuse. Chungulia ekzosi utafute mshono. Dai cheti cha Japani cha kusafirishia gari, maana huandikwa kilometa za ukaguzi wa mwisho. Zilinganishe na mita. Na gari likikutwa halina chujio, ondoka. Bei iwe ya kutupa, ondoka.

Ila kwa mtu wa shule, soko na foleni, wagoni la petroli la cc 1,500 au 1,800 linatosha. Hata mahesabu yanakubali: injini ikipita cc 2,000 ushuru unapanda, na dizeli nyingi za ukubwa huu ni cc 2,200 hivi. Hata ile imani kwamba dizeli ni rahisi kila siku si ya kuapia. Mwaka 2022 kuna miezi ambayo Dar dizeli iliuzwa ghali kuliko petroli.

Kaka hajanipigia tangu Jumapili. Shemeji ananiambia lile la rangi ya fedha bado lipo yadi, na dalali ameshusha bei mara mbili. Mama naye alipiga simu kuuliza ng'ombe wake amefikia wapi. Nikamweleza habari ya chujio tangu mwanzo. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hiyo huo moshi uliokuwa ubaki ndani ya gari, sasa unakwenda wapi?"

Nimemwambia swali hilo amwulize kaka. Ninyi mnasemaje? Naomba kuwakilisha.