Simbamwene Hakuwa Simba wa Wanyonge

Basi letu la kwenda Iringa lilipunguza mwendo tulipoingia Hifadhi ya Mikumi, abiria wote wakageukia madirishani. Twiga watatu walikuwa wamesimama karibu na barabara. Kiti cha nyuma yangu alikaa kijana aliyempakata mtoto wa dada yake, na mtoto hakutaka twiga. Aliuliza simba yuko wapi. Mjomba wake akamjibu kwa majivuno: "Simba wetu alikuwa mtu. Alikuwa malkia, anaitwa Simbamwene. Aliwapiga Waarabu, akawafungua watumwa wote."

Nilishuka Mikumi bila kusema neno, na kunyamaza kule kunanisumbua mpaka leo. Kijana yule hakutunga uongo. Alirudia anachokisikia kila mtu katika mkoa wa Morogoro: kwamba Simbamwene, kwa kuwa alikuwa mwanamke na alikuwa na nguvu, basi alikuwa upande wa wanyonge. Imani hiyo ni tamu, lakini si kweli, na wanaoumizwa nayo ni watu waliokufa bila hata jina.

Tuanze na tunachokijua. Simbamwene alirithi kiti cha baba yake, Kisabengo, Mzigua aliyeweka makao yake Morogoro, kando ya mto Ngerengere. Binti akapewa jina la mji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapo akienda kumtafuta Livingstone, akaandika alichokiona: ukuta wa mawe, minara minne kwenye pembe za mji, na malango ya mbao nzito yaliyochongwa nakshi za Kiarabu. Alikisia wakazi kuwa kati ya elfu tatu na elfu tano.

Hebu tusimame kwenye lango hilo. Milango ya namna ile ndiyo unayoiona Bagamoyo na Unguja, kwenye nyumba za matajiri wa pembe na watumwa. Anayeweka mlango kama huo kwenye mji wake wa bara hana ugomvi na biashara ya pwani. Anaikaribisha, kisha anaidai.

Naye alidai kweli. Misafara kutoka Bagamoyo ilipita kwake, ikavuka tambarare ya Mkata, ambayo sehemu yake leo imo ndani ya hifadhi ya Mikumi, ikafuata bonde la mto Mkondoa kupita Kilosa hadi Mpwapwa, Ugogo, Tabora na Ujiji. Watawala wengi wa njiani walitoza hongo. Neno hili tunalolitumia leo kwa rushwa, wakati ule lilikuwa jina la ushuru wa wazi, uliolipwa kwa doti za nguo mbele ya watu. Simbamwene aliishi kwa hongo hiyo. Misafara ile ilipanda na nguo, shanga na bunduki, ikateremka na pembe za ndovu na binadamu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka ule Stanley alipopita, lilikuwa bado wazi.

Aseme nani, basi, kwamba mtawala aliyekula kutoka kwenye njia ile aliifunga njia ile? Angekuwa amejinyima chakula chake mwenyewe.

Nami sitaki tumwamini Stanley kama msahafu. Wahenga walisema msema pweke hakosi, na hapa tunamsikia Stanley peke yake. Tena alikuwa na kinyongo. Wajumbe wa malkia walimfuata kudai hongo, akakataa akidai kuwa sehemu ya msafara wake iliyotangulia ilikwisha kulipa. Baadaye askari wake walikamatwa mjini humo, wakatiwa minyororo. Na huyo aliyelalamikia minyororo ya askari wake alikuwa akiwacharaza viboko wapagazi wake mwenyewe. Alimwita Kisabengo mtekaji watu. Lakini kalamu hiyohiyo iliandika jambo jingine, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote: kwamba Kisabengo alipata nguvu zake kwa kuwakusanya watumwa watoro, wakamkubali kuwa kiongozi wao.

Fikiria maana yake. Watu waliokimbia minyororo walikimbilia kwa mtu mmoja. Walijenga naye, walipigana naye. Kisha ngome waliyoisimamisha ikawa kituo cha kutozea ushuru kwenye njia ya minyororo ileile. Hiyo ndiyo hadithi kubwa ya Simbamwene, na inatisha kuliko ngano yoyote ya malkia mkombozi. Inatufundisha kwamba kuonewa jana hakumfanyi mtu kuwa mwema leo. Tukiifuta ili tupate sanamu ya kupendeza, tunajinyima somo ambalo Afrika ya leo inalihitaji kila siku.

Kinachonikera zaidi ni upendeleo wetu. Katika mkoa huuhuu wa Morogoro, wilaya ya Kilosa, kuna Msowero, kwa chifu Mangungo. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alimwekea karatasi mbele, akatoka nayo akidai kuwa amepewa nchi. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Februari 1885, serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Tangu hapo jina la Mangungo limekuwa tusi. Kiongozi akisaini mkataba mbovu, tunamwita Mangungo. Lakini karatasi ile iliandikwa kwa lugha asiyoijua, na mtu aliyekuja kwa hila, nasi tunamhukumu mzee yule kwa ushahidi wa aliyemlaghai.

Basi tazama mizani yetu. Mangungo tunamdharau kwa maandishi ya mgeni, Simbamwene tunampamba kwa kuyapuuza maandishi ya mgeni. Mmoja ni mpumbavu milele, mwingine ni shujaa milele. Hakuna hata mmoja tuliyemruhusu awe mtu, mtawala aliyepima hatari za siku yake, akapata hapa na kukosa pale.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa: mbona wanaume hamuwaulizi? Mtemi Mirambo wa Unyamwezi anatukuzwa bila kuhojiwa, leo amekuja mwanamke ndipo mnatoa daftari la madeni? Swali hilo ni la haki kabisa, na jibu langu ni kwamba daftari lifunguliwe kwa wote. Mirambo aulizwe, Kisabengo aulizwe. Angola wamemsimamishia sanamu malkia wao Nzinga pale Luanda, aliyepigana na Wareno miaka mingi, na wasomi hawafichi kwamba naye aliuza watu. Hajapungua ukubwa kwa kuelezwa ukweli. Kumheshimu mwanamke mtawala ni kumpima kwa mizani ileile ya mwanamume. Kumwondolea makosa yake ni kumfanya mtoto.

Nitaambiwa pia kwamba msichana wa Kilosa anahitaji mtu wa kumtazama. Naam, anahitaji. Lakini ni nani aliyetudanganya kwamba bila malkia hana wa kumtazama?

Katika safari ileile niliendelea kutoka Mikumi hadi Kilosa kupitia Ulaya. Nyumba niliyofikia ilikuwa na bibi Mkaguru aliyekuwa akipepeta mchele kwenye ungo barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu." Nilipomsimulia habari za malkia, aliendelea kupepeta, makapi yakiruka pembeni, kisha akasema: "Mwanangu, kwetu mtoto ni wa kwa mama yake. Ukitaka kujua mtu ni nani, muulize mama yake katoka wapi. Hilo halikuletwa na malkia."

Bibi yule alinipa kwa maneno machache nilichokuwa nakitafuta. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu huingia katika ukoo kupitia tumbo lililomzaa, na ardhi ilifuata ukoo. Sisemi kwamba hiyo ilikuwa pepo ya wanawake. Wajomba walikuwa na sauti kubwa, na wangali nayo. Lakini hapo ndipo penye mjadala wa kweli juu ya mwanamke na mamlaka katika nchi hii: nani analima, nani anarithi, nani anasikilizwa kikaoni. Wakati tunamwimbia malkia mmoja, mabibi elfu moja wanaojua majibu wanazikwa nayo.

Na ngome ya malkia mwenyewe haikudumu. Mwaka 1872 Stanley aliporudi kuelekea pwani, mvua kubwa zilikuwa zimepita. Mkata ilikuwa maji matupu. Mji wa Simbamwene alioukuta mwaka uliotangulia ulikuwa umebomolewa: ukuta wa mbele umesombwa, nyumba zipatazo hamsini zimekwenda, malkia mwenyewe amekimbia. Chanzo aliambiwa ni mfereji ambao Kisabengo aliuchimbisha alipokuwa hai, kuleta tawi la Ngerengere karibu na mji wake. Ulikuwa fahari yake. Mto ulipofura, ukaufuata mfereji hadi ukutani. Watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa jambo hili. Januari 2010 mafuriko yaliwatoa majumbani na kuisomba reli.

Mfereji ule haukuchimbwa na Kisabengo kwa mikono yake, wala ukuta haukupandishwa na binti yake. Kuna watu waliobeba udongo kichwani, wakatoka jasho, wakafa, na hakuna mtaa wala shule yenye majina yao. Hao ndio ningependa mtoto yule wa kwenye basi aambiwe habari zao. Siku nyingine nikikaa mbele ya mjomba wa namna ile, sitanyamaza. Nitamgeukia nimwambie: ndugu yangu, malkia alikuwepo, na alikuwa na nguvu kweli. Sasa msimulie mtoto nani aliulipia ukuta wake.