MAHARAGE SIYO CHAKULA CHA AIBU

Ndugu wanachama,

Katika mkutano uliopita tulizungumza sana habari za bei ya nyanya. Kila mtu alilalamika, na mimi nililalamika. Matenga yameozea barabarani yakingoja lori. Lakini hakuna aliyeuliza: hizo nyanya sisi wenyewe tunazila?

Hebu tuambizane kweli. Maharage yakivunwa, mlanguzi anakuja tunampa yote, hata ya akiba. Ikifika Januari tunayanunua dukani kwa bei ya kuruka. Jioni mtoto anapewa ugali na mchuzi wa kulowanishia tonge tu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wetu wa Iringa zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mkoa unaolisha miji, jamani!

Mimi nilifanya kazi jikoni misheni, kwa Waitaliano. Mapadre wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919, kwa hiyo hao siyo wageni kwetu. Nilidhani nitapika nyama kila siku. Kumbe! Siku nyingi ilikuwa maharage, mboga za bustanini na nyanya. Nikauliza, nikaambiwa kwao hicho ndicho chakula cha wakulima.

Tena wana historia ya kutufunza. Italia ya Kaskazini, katika karne ya 18 na ya 19, wakulima maskini walikula polenta asubuhi na jioni. Polenta ni nini? Ni ugali wa mahindi, basi. Wakaugua pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, na wengi walikufa. Mahindi matupu hayaupi mwili vitamini ya niasini ya kutosha. Ugali haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa ugali peke yake. Watu wa Toscana nao waliyashika maharage mpaka wakataniwa kuwa ni walamaharage. Leo chakula chao hicho cha kimaskini kinauzwa ghali mahotelini.

Wengine watasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Siyo kweli. Mahindi, maharage na nyanya vyote asili yake ni Amerika, vikaanza kuenea baada ya mwaka 1492. Wao walivipokea, na sisi tulivipokea.

Upishi wenyewe ni huu, kwa watu 6. Loweka nusu kilo ya maharage usiku kucha, kuni zitapungua. Mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha kwa moto mkali kwanza, kisha yaive polepole. Kwenye sufuria nyingine kaanga vitunguu 2 na karoti 2 kwa vijiko 3 vya mafuta ya alizeti, taratibu, visiungue. Tia nyanya 6 zilizokatwa, ziive mpaka zilainike. Nyanya usizitie kwenye maharage mabichi, maana uchachu wake unayafanya yachelewe kuiva. Yakiisha kulainika, ponda kidogo ili mchuzi uwe mzito, changanya vyote, tia sukumawiki au kabichi na chumvi, acha vichemke kidogo. Nyanya na mboga hizo zinausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye maharage.

Kikibaki, kesho chemsha tena. Toscana wanasema ndipo kinapokolea. Na kiporo cha ugali usimpe kuku. Kikate vipande, choma juu ya makaa, kula na maharage hayo. Ndivyo wafanyavyo na polenta yao.

Sasa maoni yangu. Kwanza, kila kaya itenge madebe 2 ya maharage kabla ya gunia la kwanza kupelekwa kwenye mzani wa chama. Pili, nyanya zikikosa bei tuzipasue, tuzinyunyizie chumvi na kuzianika kwenye vichanja safi, tukizifunika kwa chandarua nzi wasitue. Italia ya Kusini hufanya hivyo. Tatu, akina baba, fedha ya maharage isiishie kilabuni huku mama akikopa kitoweo kwa jirani.

Najua deni la mbolea linatubana, na ada za shule hazingoji. Sisemi tusiuze. Nasema tuuze kilichobaki baada ya kula, tusile kilichobaki baada ya kuuza.

Wazee wanakumbuka kampeni ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Redio zilinyamaza, lakini neno lile halijazeeka. Anayepinga aje mkutanoni aseme. Nitakuja na sufuria yangu, tuonje kwanza ndipo tubishane.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mpishi wa zamani