Usinizoeshe Bure Kisha Ubaki na Funguo

Wacha niseme mapema ndio tusigombane huko chini kwenye komenti: sina ubaya na mtu anayeuza programu aliyoiandika. Kazi ni kazi, na aliyekesha usiku akiiandika lazima ale. Ubaya wangu ni na ile tabia ya kumpa mtu kitu bure mpaka akizoee, mpaka kazi yake yote ikae juu ya hicho kitu, halafu asubuhi moja unabadilisha kufuli na kumwambia alipe ndio aingie.

Wengi wenu mshaipitia. Mimi nakata video kwa simu, na apu niliyoanza nayo ilikuwa inanipa kila kitu bila hata shilingi. Leo nikigusa vitufe vilevile nilivyojifunzia kazi, napewa bei kwa dola. Hakuna aliyeniuliza. Nililala ni bure, nikaamka ni deni.

Lakini leo siongei kuhusu apu za video. Nataka nikupeleke mahali ambapo huu mchezo ulichezwa zamani, ukachezwa vibaya mpaka kila mtu akaona kamba zote zinavutwa na nani. Ni kwenye redio za ridhaa.

Kama hujawahi kuzisikia, tulia. Hawa ni watu wenye redio zao nyumbani, antena juu ya paa, na leseni ya serikali, wanaoongea na watu wa nchi zingine bila intaneti, bila laini ya simu na bila bando. Duniani wanajiita ham. Hapa Kenya leseni inatoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na kila mwenye leseni anapewa herufi na namba ambazo ndizo jina lake la hewani. Majina ya Wakenya yanaanza na 5Z4. Tanzania ni 5H, Uganda ni 5X. Ukisikia 5Z4 hewani, ujue huyo ni wetu.

Sasa angalia hilo neno ridhaa. Kanuni za kimataifa za redio, zile za ITU, zinasema huduma hii ni ya mtu kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi kwa hamu yake mwenyewe, bila faida ya pesa. Yaani mtu akikaa usiku mzima akisaka sauti kutoka Japani, hakuna anayemlipa. Anafanya kwa sababu anapenda. Weka hiyo kichwani, tutairudia.

Kompyuta zilipoingia, hawa watu wakahitaji programu. Programu ya kuzungusha masafa ya redio kutoka kwa laptopu. Programu ya kuweka daftari la kila mtu uliyeongea naye. Programu ya kugeuza milio kuwa maandishi. Mwanaume mmoja anaitwa Simon Brown akaandika programu iliyofanya karibu hayo yote kwa pamoja, akaiita Ham Radio Deluxe. Akaigawa bure. Ikasambaa dunia nzima.

Na hapa ndipo watu hukosea hesabu. Wanafikiri programu ya bure inakuzwa na aliyeiandika peke yake. Buda, hapana. Programu ya bure inakuzwa na watumiaji. Wao ndio wanajaribu matoleo mabovu na kuripoti kila hitilafu. Wao ndio wanajibu maswali ya wageni saa saba usiku. Wao ndio wanamwambia kila mtu mpya, "chukua hii, ndio tunatumia sisi sote." Hiyo ni kazi, na hiyo kazi ina thamani. Ni vile tu haina risiti.

Mwaka 2011 Ham Radio Deluxe ikauzwa kwa kampuni. Toleo la tano ndilo lililokuwa la mwisho la bure. Toleo la sita likaja na bei ya karibu dola 100, na ndani yake mwaka mmoja wa msaada na masasisho. Mwaka ukiisha, unabaki na ulichonacho, ama unalipa tena takriban dola 50. Waliokuwa na toleo la bure waliendelea nalo, lakini likabaki hapo hapo lilipokuwa. Windows inabadilika, redio mpya zinatoka, na wewe umebaki na programu iliyoganda. Hakuna aliyekufukuza nyumbani. Wameacha tu kurekebisha paa, wanangoja mvua.

Mpaka hapo bado naweza kuvumilia. Kampuni imenunua kitu, inataka pesa yake irudi. Sawa. Lakini ngoja usikie kilichotokea Desemba 2016.

Kuna mteja Marekani, mtu aliyelipa pesa yake, aliyekuwa ameandika maoni mabaya kuhusu hiyo programu kwenye ukurasa ambao ham hukadiria vifaa vyao. Baadaye programu yake ikakataa kufanya kazi. Akaandikia watu wa msaada akidhani ni hitilafu. Haikuwa hitilafu. Jina lake la hewani lilikuwa limewekwa kwenye orodha ya waliozimwa, na akaambiwa akitoa yale maoni yake, atafunguliwa.

Soma hiyo tena polepole. Mtu amelipa. Amesema ukweli wake. Na kwa sababu ya maneno yake, kitu alichonunua kikazimwa kutoka mbali. Habari ikalipuka, kampuni ikaomba radhi hadharani, na mmoja wa wakubwa wake akaondoka. Vizuri. Lakini radhi haikujibu swali langu: hicho kitufe cha kumzima kilikuwepo kwa nini? Hakuna anayejenga swichi kwa bahati mbaya.

Ndio maana nasema kesi ya bei ni ndogo. Kesi kubwa ni funguo. Leseni ya programu kama hii imefungwa kwa jina lako la hewani, jina ambalo umepewa na serikali yako na unalitangaza kila ukifungua mdomo. Kampuni inajua wewe ni nani, inajua umeandika nini, na inaweza kukuzima. Ilipokuwa bure ulidhani ni yako. Ulipolipa ukadhani sasa ndio yako kabisa. Haijawahi kuwa yako hata siku moja.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Kwani developa atakula hewa?" Hoja nzuri, tuijibu bila kukwepa.

Kwanza, kuna njia ya kuuza bila kumhadaa mtu. Chukua VARA, modemu ya programu iliyotengenezwa na Mhispania mmoja, inayotumiwa sana kutuma barua pepe kwa redio kupitia mtandao wa Winlink. Unaipata bure, lakini kwa kasi ndogo. Ukitaka kasi yote, ni dola 69. Unajua hivyo siku ya kwanza, kabla hujajenga chochote juu yake. Huyo sina neno naye kuhusu bei. Neno langu kwake ni lingine: msimbo wake umefungwa. Winlink ni mtandao ambao watu wanautegemea wakati wa majanga, laini za simu zikiwa zimekufa. Kazi nyeti kama hiyo kukaa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na leseni zake zimefungwa kwa jina lako la hewani, ni hatari hata kama huyo mtu ni malaika. Malaika pia huugua.

Pili, kuna watu wameonyesha kwamba inawezekana kabisa kuweka msimbo wazi na dunia isianguke. Joe Taylor alishinda Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993. Mzee huyo, pamoja na wenzake, ameandika programu inaitwa WSJT-X, na msimbo wake uko wazi kwa leseni ya GPL: soma, badilisha, gawa, ila nawe uache wazi. Ndani yake kuna FT8, mfumo uliotoka 2017 ambao unatuma ujumbe mfupi kwa zamu za sekunde 15 na kusomeka hata pale sikio la binadamu linasikia mvumo tu. FT8 imeteka hewa yote. Mtu mwenye waya mmoja nyuma ya nyumba anafikia bara lingine.

Na faida ya msimbo wazi si eti ni bure. Faida ni kwamba hakuna anayeweza kukufungia nje. Watu waliotaka kitu tofauti walichukua msimbo wa WSJT-X wakatengeneza JTDX. Wengine wakatengeneza JS8Call, ya kupiga gumzo kwa maandishi. Hawakuomba ruhusa kwa mlango wa mtu. Kesho waandishi wa WSJT-X wakiamua kuuza, programu ya leo inabaki mikononi mwa watu na wenye uwezo wataiendeleza. Hiyo ndio tofauti kati ya kupewa na kuazimwa.

Sasa mtu wa Umoja ama Nyali anauliza, hii inanihusu nini na mimi sina redio?

Inakuhusu hivi. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilirushwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kisanduku kidogo cha kubeba kwa mkono mmoja. Ilikuwa inatuma data kwenye masafa ya megahezi 437, ambayo ni masafa ya redio za ridhaa. Na programu huria ya gr-satellites, inayokaa juu ya GNU Radio ambayo nayo ni huria, iliwekewa uwezo wa kuisoma. Yaani kijana yeyote mwenye laptopu, antena ya kujitengenezea, na kile kidude cha USB ambacho mwanzoni kilitengenezwa kupokea TV, angeweza kushika sauti ya setilaiti ya nchi yake ikipita juu. Bila kulipa programu na bila kuandikia mtu barua.

Hebu weka bei hapo katikati sasa. Dola 100, kwa kiwango cha shilingi 129, ni kama Sh12,900. Dola 69 ni karibu Sh8,900. Kwa mzee mstaafu wa Ohio hiyo ni pesa ya kawaida. Kwa kijana wa Eldoret anayejifunza mwenyewe, hiyo ni kodi ya nyumba, na hata akiwa nayo, anahitaji kadi ya kulipa kwa dola. Mimi niliacha chuo. Kila kitu ninachokula nacho leo nilijifunza kwa programu ambazo hakuna aliyeniuliza nina digrii ama nina kadi. Ukifunga hiyo njia, hujamfungia mvivu. Umemfungia yule ambaye hana njia ingine.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, kwa mtu yeyote anayeandika programu, iwe ya redio, ya video ama ya kuhesabu kuku:

Sema siku ya kwanza. Kama una mpango wa kuuza, andika pale juu kabisa. Usivune kazi yetu ya bure kwa miaka halafu ugeuke.

Niachie data yangu. Ham wana mfumo wa faili unaitwa ADIF, unaohamisha daftari lako lote la mawasiliano kutoka programu moja hadi nyingine. Kila apu inafaa kuwa na mlango kama huo. Miaka kumi ya kazi yangu isiwe mateka wako.

Usiweke swichi ya kunizima. Nikikutukana, nijibu. Nikikukosea, nishtaki. Usiguse kilicho ndani ya kompyuta yangu.

Ukichoka, fungua msimbo. Kama huna nguvu tena na hakuna mnunuzi mwaminifu, waachie waliokusaidia kuijenga.

Na sisi watumiaji tusijifanye watakatifu. Tukitaka vitu huria viishi, tuvilishe. Una mia mbili, changia. Huna, ripoti hitilafu vizuri badala ya kutukana. Tafsiri menyu kwa Kiswahili. Fundisha mtu mmoja. Ukingoja mpaka developa achoke ndio ulie, huyo mnunuzi mwenye kufuli atakuwa ashafika na kalamu mkononi.

Nirudi kwa lile neno. Ridhaa maana yake nimekubali, kwa hiari yangu. Bei niliyoambiwa mapema nikalipa, hiyo ni ridhaa. Bei niliyowekewa baada ya kunaswa, hiyo ni kitu kingine, na Kiswahili kina majina yake, tena si mazuri.

Niambie hapo chini: ni programu gani ulizoeshwa bure kisha ukafungiwa? Na ukitoka leo, utaweza kubeba kazi yako ama utaiacha huko ndani?