Tikiti ya meli: Nauli si hesabu yote

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mfanyabiashara wa Kharumwa anafika Mwanza bila kusubiri kivuko. Anayenunua bidhaa za jumla huko na kuzipeleka Bukoba kwa meli ya usiku bado ana uamuzi mmoja: alale chumbani daraja la kwanza, au aketi daraja la tatu aokoe nauli?

Wengi hutazama nauli tu. Hiyo ni nusu ya hesabu. Mzigo hulipiwa kivyake, hivyo chumba hakipunguzi gharama hiyo. Kinachonunuliwa ni mlango unaofungwa na usingizi. Mwenye fedha taslimu mkononi na anayetarajia kuuza asubuhi hiyo hiyo anavihitaji vyote viwili. Lakini mwenye mtaji mdogo, ambaye nauli ya chumba ingemeza faida ya mzigo wake, heri akae daraja la pili au la tatu.

Lisilo na mjadala ni jina. Mv Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilizama Mei 21, 1996 na kuua mamia. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo.

Basi anayechagua kiti cha bei nafuu ahakikishe jina lake kamili limeandikwa. Akiona meli imejaa kupita kiasi, asubiri safari nyingine. Mzigo ukichelewa, soko la Bukoba litakuwapo kesho.